Mama Yako Yupo

Juzi nilipita nyuma ya soko, pale kina mama wanapochemsha tui mpaka mafuta yajitenge, nikasimama kama mtu aliyeitwa jina. Si harufu ya mafuta yenyewe iliyonisimamisha. Ni ile ya kabla kidogo, tui linapoanza kushika rangi chini ya sufuria na mpishi anakoroga haraka lisiungue. Mama mmoja akaniuliza kama nataka kununua. Nikamwambia nasubiri tu. Akanitazama, akaendelea kukoroga. Ningemwelezaje kwamba pua yangu ilishafika Kionga, kwenye uwanja wa Bibi Sauda, na mimi mwenyewe ndiyo kwanza nilikuwa nyuma njiani?

Sisi tuliokuwa watoto pwani hii wakati ule wa vita, kila mmoja ana mlango wake wa kurudia. Kuna mwenzangu mmoja akisikia helikopta huacha chakula. Mwingine hawezi kukaa mahali penye moshi. Mimi nimebahatika. Mlango wangu ni sufuria la mafuta ya nazi, na aliyesimama nyuma yake ni mwanamke mkali ambaye kwa muda mrefu niliamini hanipendi.

Kwetu ni Mucojo. Baba alikufa ningali mdogo, na mama alitulea kwa kuuza vibibi, vile vikate vya mchele na nazi, mimi na mdogo wangu Shaibu. Shaibu alikuwa mtoto wa homa. Asubuhi ninayoikumbuka, mama alimfunga mgongoni akampeleka hospitali Macomia, akaniachia majirani. Alisema maneno ambayo kina mama wote husema, "Nakwenda na kurudi," akanikataza kuchezea moto.

Maji yalikuwa yamekupwa. Nikafuatana na wanawake kwenda kuokota chaza kwenye mawe. Kikapu changu kilikuwa karibu kujaa pale mwanamke mmoja aliponyanyua kichwa akatazama nyuma, kuelekea nyumbani, kisha wote wakatazama. Moshi ulikuwa umesimama juu ya minazi. Mimi nilidhani mtu anachoma shamba, nikainama nikaendelea kuokota. Halafu tukasikia milio ya bunduki, na wanawake wale, ambao sijapata kuwaona wakikimbia, wakakimbia. Hawakukimbilia nyumbani. Walikimbilia majini, kwenye mashua zilizokuwa zikiondoka. Mikono nisiyoijua ilinishika kwapani ikanitia ndani.

Siwezi kusema tulikaa baharini muda gani. Nakumbuka kikapu. Nilikikumbatia safari nzima kwa sababu nilijua mama akirudi ataniuliza chaza ziko wapi. Jua likapiga, chaza zikaanza kunuka, watu wakalalamika. Mzee mmoja akakichukua polepole kutoka mikononi mwangu akamwaga chaza zote baharini, kisha akanirudishia kikapu kitupu. Hapo ndipo nilipolia. Watu waliniliwaza kwa mambo makubwa, kumbe mimi nilikuwa nalilia chaza.

Mashua ilitushusha kaskazini, Kionga. Watu wa kijiji walikuja ufukweni, na kila aliyeteremka alianza kutaja majina: mjomba fulani, shemeji fulani, mtu wa ukoo fulani. Aliyepata mtu aliondoka naye. Uwanja ukapungua hadi nikabaki nimekaa mchangani na kikapu changu. Akaja mwanamke mrefu mwenye kanga mbili zisizofanana, akasimama mbele yangu akanifunika kwa kivuli chake.

"Umekula?"

"Bado."

"Basi simama. Chakula hakitakuja chenyewe hapa."

Huyo ndiye Bibi Sauda. Kionga nzima ilimjua kwa ulimi wake. Aliuza sukari, sabuni na kanga alizozileta kutoka ng'ambo ya Rovuma, mto wa mpakani, na kila baada ya siku chache alichemsha mafuta ya nazi uwanjani. Mumewe alishafariki, na hakujaliwa mtoto. Nyumba yake ilikuwa safi kiasi cha kuogopesha. Alinionyesha mkeka wangu, akanionyesha mtungi wa maji, akanionyesha mahali pa kuanika nguo, akaniambia, "Hapa hatulii ovyo. Ukitaka kulia, niambie, nitakuacha ulie." Mimi nilielewa kwamba kulia ni marufuku.

Baada ya muda nilikatwa na kifuu mguuni. Alinikalisha, akaniosha kwa maji ya chumvi huku akipuliza kidonda, na mimi, kwa ile pumzi yake, nikajisahau nikasema, "Inauma, mama."

Aliacha kupuliza. "Mimi si mama yako," alisema. "Mama yako yupo. Mimi niite Bibi."

Akanifunga kitambaa vizuri sana, lakini mimi sikukiona kitambaa. Nilikwenda nyuma ya jiko nikakaa na makumbi ya nazi. Nilijiambia: hanitaki. Mtu anayekutaka hawezi kulikataa neno kama lile.

Na kila jioni palikuwa na mahojiano. Yeye akikaa juu ya mbuzi anakuna nazi, mimi nimeshika bakuli, anaanza bila kunitazama.

"Unaitwa nani?"

"Anifa."

"Anifa wako wengi."

"Anifa Amadi Salimu."

"Mama yako?"

"Zaituni binti Abudu."

"Watu wanamwitaje?"

"Zaituni Vibibi."

"Nyumba yenu iko wapi? Usiniambie Mucojo. Mucojo ni kubwa."

"Nyuma ya msikiti, penye mnazi uliopinda."

"Mdogo wako ana alama gani?"

"Kovu la moto, mkono wa kushoto."

"Mama yako yuko wapi?"

"Amekwenda hospitali Macomia."

"Yupo au hayupo?"

"Yupo."

"Sema vizuri."

"Mama yangu yupo, Bibi."

Nazi ikiisha kukunwa, maswali yameisha. Kesho yake yale yale. Niliona ananishuku. Niliamini anangoja siku nitakapokosea jibu moja ajue mimi ni mwongo, anirudishe pale mchangani. Kwa hiyo nikawa najifunza mwenyewe kimya kimya nikiteka maji. Nikaongeza hata mambo ambayo hakuyauliza: rangi ya mlango wetu, jina la paka, wimbo mama aliouimba akikoroga mchele. Nikimwambia jambo jipya aliacha kukuna kidogo, akaitikia kwa kichwa, akasema, "Hilo lishike." Sikujua kwamba kwa Bibi Sauda hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Shule aliipigania kwa namna yake. Profesora, yaani mwalimu wa kike, alisema mtoto bila sédula, ile hati ya kuzaliwa, hajui amwandikeje. Alikuwa dada mwema tu, anayeogopa kukosea. Bibi Sauda alivuta kiti cha mlinzi akakaa mlangoni mwa darasa. "Ana macho, ana masikio, ana kalamu," alisema. "Karatasi itamkuta ndani." Alikaa pale mpaka profesora akacheka, akanionyesha dawati. Watoto walinicheka pia, kwa Kimwani changu, lugha ya nyumbani, na kwa jina la kwetu, Mucojo, ambalo wao waligeuza kuwa mkojo. Nilipomwambia Bibi, alinigeuzia mgongo, mabega yakimtikisika. Mpaka leo nina hakika alikuwa akizuia kicheko. Kisha akasema, "Waambie ukitamka vibaya jina la kwao mtu, usiku unakojoa kitandani." Nikawaambia. Wakaacha.

Wakati huo ndipo alipoanza kuja Bwana Hamisi.

Alikuwa mfanyabiashara wa kwenda na kurudi ng'ambo, mwenye shati lililopigwa pasi na sauti laini kama anazungumza na mgonjwa. Alikuja mara ya kwanza kununua mafuta, akaniona, akauliza. Mara ya pili aliniletea biskuti. Mara ya tatu aliniletea ndala nyekundu zenye ua. Alinitaka nimwite mjomba. Alimwambia Bibi Sauda kwamba huko Mtwara anaijua familia moja, watu wa dini, watu wa neema, wanaotafuta binti mdogo akae nao, asaidie kazi ndogo ndogo, na watamsomesha.

"Kazi ndogo ndogo," alirudia Bibi Sauda. "Zinaanza saa ngapi?"

"Bibi, mbona unakuwa hivyo? Mtoto hana mtu huyu. Ni mzigo kwako. Tunasaidiana."

"Ana mtu. Ana mama yake."

"Mama gani, baada ya yale?"

Bibi Sauda alisimama. Alishika upawa wenye mafuta ya moto. "Mafuta yako tayari, Bwana Hamisi. Chukua uende."

Nilimchukia Bibi Sauda jioni ile. Nilizitazama ndala zangu nyekundu nikaona wivu mtupu. Hataki niwe wake, na hataki niwe wa mtu mwingine. Huko ng'ambo, Mjomba Hamisi aliniambia, kuna televisheni ukutani, na mtoto hukuna nazi siku za sikukuu tu.

Asubuhi moja Bibi alikwenda soko la Palma. Mjomba Hamisi akaja, akanikuta nafagia. "Bibi yako amekubali," alisema. "Tumeongea njiani. Vaa ndala zako." Sikuuliza neno. Nilivaa gauni langu la shule, kwa vile ndilo zuri nililokuwa nalo, tukapanda lori la wachuuzi waliokuwa wakienda Namoto. Njia nzima nilikuwa na furaha. Nasema hivyo kwa sababu watu wakisikia habari kama hizi hufikiri mtoto alikuwa analia na kuvutwa mkono. Mimi nilikuwa nacheka. Aliniachia nikae mbele, nione njia.

Namoto ni mahali pa kungoja. Watu wanangoja chombo cha kuvuka mto, wanangoja mihuri, wanangoja mizigo. Askari wa mpakani alikuwa amekaa chini ya paa la bati, kikombe cha chai mkononi, akitazama kila mtu bila haraka. Mjomba Hamisi alimsalimu vizuri, akaweka karatasi zake mezani.

"Na huyu?"

"Mtoto wa marehemu dada yangu. Nampeleka kwa ndugu, apate kusoma."

Askari akanigeukia. "Shikamoo hujui?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Unaitwa nani?"

Lilikuwa swali moja tu. Lakini kwangu mimi swali lile halikuwa na desturi ya kutembea peke yake. Mdomo ukafunguka, na jioni zote zile zikatoka. "Anifa Amadi Salimu. Mama yangu Zaituni binti Abudu, wanamwita Zaituni Vibibi. Kwetu Mucojo, nyuma ya msikiti, penye mnazi uliopinda. Mdogo wangu Shaibu, ana kovu la moto mkono wa kushoto. Mama yangu amekwenda hospitali Macomia. Mama yangu yupo."

Askari aliweka kikombe chini.

"Bwana, si umesema mama yake ni marehemu?"

Mjomba Hamisi akacheka ile sauti yake laini. "Mtoto huyu ameona mambo mazito, mwenzangu. Amechanganyikiwa. Hatujamwambia bado."

"Pole yake. Na huyo shemeji yako, baba yake, alikuwa anafanya kazi gani?"

"Mvuvi. Watu wa kule wote wavuvi."

Nilimwonea huruma, kwani niliona amesahau. Nikamsahihisha kwa adabu, kama nilivyofundishwa kumsahihisha mtu mzima. "Hapana, mjomba. Baba alikuwa fundi cherehani."

Askari akamwita mwenzake, akamwambia Bwana Hamisi akae pale kwenye benchi na asiondoke. Mimi nikaelewa kwamba safari imeharibika na aliyeiharibu ni mimi kwa kusemasema. Nikaanza kulia. Askari akanipa chai yake.

Bado nilikuwa nayo mkononi ilipokuja pikipiki. Bibi Sauda alikuwa ameapa mbele ya Kionga nzima kwamba hatapanda pikipiki mpaka azikwe, na watu walikuwa wakimtania kwa kiapo hicho. Sasa alikuwa nyuma ya kijana wa pikipiki, amemshika kiuno kwa mikono miwili, kanga ya kichwa imeruka, mvi zake zote nje, vumbi mpaka kwenye kope. Kumbe jirani alituona tukipanda lori, akampigia simu huko Palma. Akashuka. Hakumtazama Bwana Hamisi. Alinijia mimi, akanipangusa gauni kwa kiganja, kila upande, kama anayetafuta kitu kilichovunjika. Akarudia tena, hata palipokuwa safi. Nikafikiri ni vumbi la lori.

"Umekula?" akaniuliza.

Nikatikisa kichwa.

Akamgeukia askari. "Mwanangu, mtoto huyu ana mama yake. Mimi namtunzia tu."

"Nimesikia, Bibi. Amenieleza mpaka mnazi wa kwao." Askari alivua kofia. "Lakini usikae naye hivi hivi tena. Leo nimekuwepo mimi. Kuna mama wa serikali anayeshughulika na watoto waliopoteana na wazazi. Nitamwita."

Bwana Hamisi walimchukua kwa gari, na sisi hatukumwona tena Kionga. Ndala zake nilizivaa mpaka zikakatika. Bibi Sauda hakunikataza. Alisema ndala hazina kosa.

Mama wa serikali aliitwa Dona Lusia. Alikuwa Mmakonde wa bara, Mkristo, mwenye kicheko cha kuanzia tumboni na Kiswahili kilichokuwa kinapanda na kushuka kama njia za kwao mlimani. Hakukaa kwenye kiti alichopewa. Alikaa mkekani, miguu amenyoosha, akaniambia maneno ambayo hakuna mtu mzima aliyepata kuniambia. "Mimi kazi yangu ni wewe. Nikikuuliza kitu hutaki kusema, niambie sitaki." Nikamjaribu. Aliponiuliza nimekwendaje Namoto, nikasema sitaki. Akasema sawa, akauliza jina la paka wetu.

Siku hizi nasikia watu wakieleza haki za mtoto kwenye mikutano, na ni maneno mazuri, nayapenda. Ila nikiyasikia siwezi kuona karatasi. Namwona askari akiweka kikombe chini, namwona mwanamke wa watu akila vumbi juu ya pikipiki, na Dona Lusia amekaa mkekani akiandika jina la paka.

Dona Lusia alitupigia simu baada ya mvua za kwanza. Amempata mama. Alikuwa nje ya Pemba, ule mji wa kwetu wa kusini, si kisiwa, kwenye kambi ya watu waliohamishwa na vita, na alijulikana upesi kwa sababu hata huko, kati ya mahema, alikuwa ameanza kuuza vibibi.

Mama alikuja na Dona Lusia mwenyewe. Nilikuwa nimeota siku ile mara nyingi, na katika ndoto zangu nilikimbia. Ilipofika nilijificha nyuma ya kanga ya Bibi Sauda. Mwanamke aliyeingia uwanjani alikuwa mwembamba, shingo yake ndefu kupita niijuavyo, na mtoto aliyetembea pembeni yake hakuwa Shaibu wangu wa mgongoni. Mama hakunivuta. Alikaa chini palepale mlangoni, akaangalia miguu yangu iliyokuwa ikionekana chini ya kanga.

"Anifa," akasema, "umenenepa, mwanangu."

Ilikuwa sauti. Sura ilikuwa imebadilika lakini sauti ilikuwa ileile ya kukoroga mchele. Nikatoka nyuma ya kanga.

Mchana ule walikula, wakalia, wakaacha. Na jioni yakaanza maneno ambayo mimi, niliyekaa karibu na Shaibu nikimwonyesha vifaranga, niliyasikia yote na kuyaelewa kinyume.

"Dada," mama alimwambia Bibi Sauda, "ninakolala ni hema. Shule ni turubai, na watoto ni wengi kuliko kivuli. Hapa anasoma, anakula, ana mkeka wake. Mwache akae kwako."

Nikajiambia: mama amekuja kuniaga.

"Hapana," alisema Bibi Sauda. "Mchukue. Ni wako."

Na huyu naye ananitoa. Nilikaa katikati ya wanawake wawili, kila mmoja ananisukuma kwa mwenzake.

"Kwa nini, dada? Amekuudhi?"

Bibi Sauda alitazama upande wa mto. "Mimi si mzaliwa wa hapa," alisema. "Nilivushwa mto huu nikiwa mdogo kuliko huyu. Mtu aliniletea gauni, akasema nitasoma. Nilikosa shule, nikapata jiko la watu. Nilipokuwa mkubwa nikavuka kwenda kumtafuta mama. Wakaniuliza, mama yako nani? Mimi nilikuwa najua 'mama' tu. Watoto hawajui majina ya mama zao, Zaituni. Kwao ni mama, basi. Nilizunguka vijiji nikiuliza watu habari za mama." Akajipangusa uso kwa ncha ya kanga. "Kwa hiyo mchukue. Hema lako ni zuri kuliko nyumba yangu."

Shaibu alikuwa amemshika kifaranga kwa nguvu na mimi nilikuwa nimesahau kumkataza. Nilikuwa nawaza jioni zote zile za mbuzi na bakuli. Kichwa changu kidogo kilikuwa kikizigeuza moja moja, kama mtu anayegeuza samaki akaona upande wa pili umeiva.

Dona Lusia alinitazama juu ya vichwa vyao. "Na mwenye maneno haya mbona hajaulizwa? Anifa, wewe unataka nini?"

Nilitafuta jibu la adabu, nikalikosa. "Nataka kwenda kwa mama," nikasema. "Na Bibi aje."

Wakacheka wote watatu, kile kicheko ambacho hakiko mbali na kilio. Bibi Sauda akasema nani atachunga kuku zake.

Basi nikaenda na mama. Nilisoma chini ya turubai, nikalala kwenye hema, nikaumwa, nikapona, nikajifunza kupanga vibibi kwenye sinia visishikane. Dona Lusia alinipatia sédula. Siku za Ijumaa tulimpigia Bibi Sauda simu, naye hakujua kuongea na simu, alikuwa anapiga kelele kama aliyesimama ng'ambo ya mto.

Kisha ikaja habari ya Palma, mji ulipovamiwa. Siwasimulii nyinyi, mnaijua. Simu ya Bibi ikawa haiiti. Mashua na meli zikaanza kufika Pemba zimejaa watu, na mama akawa anaacha sinia, anakwenda ufukweni kila mara akisikia chombo kimeingia, nami nikitoka shule namfuata huko. Tuliwatazama watu wakishuka. Wengi walishuka mikono mitupu. Tuliwauliza wa Kionga, wengine walisema wamemwona porini, wengine walisema wengi wamekimbilia ng'ambo ya Rovuma. Mama alisema kama ni hivyo basi ni salama, lakini kesho yake alikwenda tena.

Tulimwona mchana wa jua kali. Alikuwa amekaa mchangani mbali kidogo na wenzake, amepungua, kanga mbili zisizofanana. Kijana wa kuandikisha watu alikuwa ameinama mbele yake. Tulipokaribia nikasikia anamuuliza, "Bibi, unaye mtu huku Pemba?"

Yule mwanamke ambaye Kionga nzima iliogopa ulimi wake aliangalia mchanga. "Yupo mtoto mmoja," alisema polepole. "Sijui kama ni vizuri kumsumbua. Watu wenyewe wanakaa kwenye hema."

"Ni wetu huyo!" mama alipiga kelele toka mbali, mpaka watu wakageuka. "Mwandike kwetu! Ni wetu!"

Mimi nilikuwa nimeshakimbia. Nilimfikia nikapiga magoti nikamkumbatia shingoni, jasho, chumvi na vumbi, na nikamwita lile neno alilonikataza, bila kuomba ruhusa. Nikangoja anisahihishe. Alikuwa akinipapasa mgongo kwa mkono mmoja tu.

"Taratibu," akasema sikioni mwangu. "Utamvunja kuku."

Nikaachia. Ndani ya kanga yake, amefungwa kifuani kama mtoto mchanga, kuku mweusi akatoa kichwa, akatutazama mmoja mmoja kwa hasira.

"Wengine wote wamebaki," alisema Bibi Sauda. "Huyu alikuwa amelalia mayai, ndiye niliyemwahi." Akamkabidhi mama yangu, akashika bega langu, akasimama. "Twendeni, Zaituni. Ni mbali?"

"Si mbali, dada," alisema mama, na hilo halikuwa kweli hata kidogo, maana tulitembea mpaka alasiri, tukipokezana kuku.